Ryzen 5 3600 yangu: nihamie kizazi kipya kabla ya harusi za Shaabani?

MpigaVideoNgamiani · 11 Januari 2026, saa 6:20 usiku

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa ambayo ikitoka hairudi.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, niko Tanga mjini, Ngamiani. Kompyuta niliyo nayo niliiunga mwenyewe mwaka 2020, kipande kimoja kimoja kila nilipolipwa: prosesa Ryzen 5 3600, bodi ya B450M, RAM GB 16 za DDR4 (vipande viwili vya 8), kadi ya picha GTX 1660 Super, SSD ya NVMe ya TB 1, pawa saplai ya wati 550. Nahariri kwa DaVinci Resolve Studio, leseni nilinunua kwa dola 295 na sijutii hata senti moja. Kompyuta hii imenilipia kodi ya fremu miaka mitano na imemsomesha mdogo wangu kidato cha tano na cha sita. Naipenda, nasema wazi.

Sasa imeanza kunishinda. Naweka klipu kwenye taimlaini, nabonyeza icheze, picha inakwenda nusu sekunde kisha inaganda huku sauti ikiendelea. Nikirudi nyuma kidogo kutafuta mahali pa kukata, nakaa nasubiri. Nikaha niliyokuwa naimaliza kwa siku moja na nusu sasa inakula siku nne.

Mwezi wa kumi na mbili nilipiga harusi ya Pangani, klipu 312. Mama wa bibi harusi alikuja ofisini kuangalia kabla sijamaliza, maana yeye hakuwemo msikitini na alitaka kumwona mumewe akimshika mkono mkwe wao. Tukafika hapo hapo, picha ikasimama. Sauti ya baba inasema "nimekuoza", uso wake kwenye kioo umeganda, macho nusu yamefumba. Mama yule alikuwa ameshatoa kitambaa cha kujifutia machozi. Hakunilaumu, lakini tangu siku ile sina raha na hii mashine.

Nikaenda kuulizia dukani. Nikaambiwa prosesa imezeeka, ni ya 2019, nihamie kizazi kipya, Ryzen 7 9700X. Wakaniandikia hesabu: prosesa 980,000, bodi ya B650 520,000, RAM GB 32 za DDR5 1,150,000, kwa sababu soketi ya AM5 (kiti cha prosesa hiyo kwenye bodi) haipokei DDR4 niliyo nayo. Jumla 2,650,000.

Nina milioni mbili za upatu, nimepokea wiki iliyopita. Laki sita na nusu iliyobaki ingetoka kwenye pesa ya bati za mama, Muheza, na masika hayo yanakuja. Upande wa pili nina harusi tisa zilizokwisha kulipa nusu, zote kabla ya Ramadhani. Mnajua Pwani ilivyo, Rajabu na Shaabani watu wanaozana mfululizo, kisha mwezi mzima kimya. Nikichelewesha video mbili tu, wateja wa Shawwali wataenda kwa mwingine.

Mwaka jana pia nilitumia pesa nyingi, mwezi wa nane nilitoka kwenye kamera ya Sony ZV-E10 nikanunua a6700, ndiyo maana mfuko umekauka.

Ninachouliza: je, 9700X kweli itaniondolea hili tatizo? Au nibaki AM4, soketi ya bodi niliyo nayo, niweke prosesa ya 5700X kwenye bodi hii hii? Au nivumilie?

---

FundiBodi · 11 Januari, saa 2:05 asubuhi

Dada, pole na hongera kwa kazi. Mimi ni fundi wa kompyuta Kariakoo, nitakwambia ninavyowaambia wateja wangu wote tangu mwishoni mwa mwaka jana: wakati huu si wakati wa kuhamia AM5 kama una DDR4 nzima mkononi. Angalia hesabu uliyoandikiwa. RAM imeizidi bei prosesa yenyewe. Viwanda vya chipu za kumbukumbu vimeelekeza mzigo kwenye seva za akili mnemba, sisi wa huku mwisho tunanunua kinachobaki kwa bei wanayotaka.

9700X ni prosesa nzuri sana, sitaisema vibaya. Ilitoka Agosti 2024, viini 8 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi 16 (kazi inazobeba kwa wakati mmoja), inafika GHz 5.5 na bado ni ya wati 65. Kama ungekuwa unaanza kompyuta kutoka sifuri ningekwambia ingia AM5 moja kwa moja, maana AMD wamesema wataihudumia soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea. Ila wewe huanzi sifuri.

Chukua Ryzen 7 5700X. Ni ya 2022, viini 8 nyuzi 16, wati 65 kama hiyo yako. Kuna jambo watu hawaliangalii: kwenye 3600 kashe, yaani kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ya MB 32 imegawanywa mafungu mawili ya 16, viini vitatu vinatumia fungu hili na vitatu lile, na kiini kikitaka kilichopo upande wa pili lazima kivuke. Kwenye 5700X viini vyote vinane vinatumia MB 32 kwa pamoja. AMD wenyewe walipotoa familia ile walisema kwa kasi ile ile ya saa inafanya kazi zaidi kwa 19%. Hapa mjini utaipata kwa 480,000. Haiji na feni boksini, na feni ndogo iliyokuja na 3600 usiitegemee kwa joto la Tanga, kwa hiyo weka 90,000 ya feni ya mnara.

Ukiamua, sikiliza mambo mawili ambayo yameua prosesa za watu mikononi mwao.

La kwanza BIOS, programu inayoiamsha bodi. Bodi ya B450 ya 2020 haitaitambua 5700X mpaka uweke BIOS mpya, na unaiweka WAKATI 3600 BADO IPO. Ukishaitoa ya zamani umechelewa, skrini itakuwa nyeusi tu. Pakua kutoka ukurasa wa bodi yako yenyewe, jina na namba ya toleo vifanane herufi kwa herufi, weka kwenye flashi. Na usithubutu bila UPS. Umeme ukikatika BIOS ikiwa nusu, bodi imekwenda.

La pili kutoa feni. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, na kishikio cha soketi hakiibani kwa juu. Grisi ya miaka mitano iliyo kati ya feni na prosesa imekuwa gundi. Ukivuta feni juu kwa nguvu inatoka na prosesa yake, pini zinapinda. Washa kompyuta uifanyishe kazi dakika kumi grisi ilainike, zima, chomoa waya, kisha zungusha feni taratibu kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinue.

---

Kizingo_Mhariri · 11 Januari, saa 4:40 asubuhi

Dadangu, mimi ni mhariri, niko Mombasa. Fundi amesema kweli tupu kuhusu AM4, lakini kabla hujataja prosesa yoyote, rudi kwenye sentensi yako ya mwisho mwisho. Ulibadilisha kamera mwezi wa nane. Tatizo la kuganda lilianza lini?

Nakuuliza kwa sababu nimepitia njia hiyo hiyo. ZV-E10 inarekodi biti 8 (wingi wa ngazi za rangi), 4:2:0 (kiasi cha habari za rangi zinazohifadhiwa, 4:2:2 huhifadhi zaidi), kodeki ya H.264, yaani njia ya kubana video. Hiyo kadi yako ya 1660 Super inaifungua kama mtu anayekunywa maji. a6700 inakupa biti 10 na inakupa 4:2:2. Ukiiweka kwenye XAVC HS, mpangilio wa kurekodi wa Sony, inarekodi kwa H.265, na hapo ndipo kila kitu kinabadilika.

Ndani ya kadi ya picha kuna kipande kidogo cha silikoni ambacho kazi yake ni moja, kusimbua video. Kiite kisimbuzi, kama kile cha televisheni sebuleni: kama chaneli haimo kwenye kifurushi, hata uwe na televisheni ya inchi ngapi hutaiona. Kisimbuzi cha 1660 Super kinajua H.265 ya biti 10 ya 4:2:0. Ya 4:2:2 hakijui kabisa. NVIDIA hawakuiweka kwenye kadi zao za kawaida mpaka mfululizo wa RTX 50 uliotoka 2025. Basi Resolve ikikuta klipu ya 4:2:2 inaiangalia kadi, inaona haiwezi, inamrushia prosesa mzigo wote. Na H.265 haihifadhi kila picha kamili, inahifadhi picha moja nzima kisha tofauti tu za picha zinazofuata. Ukirudi nyuma kutafuta mahali pa kukata, prosesa inalazimika kwenda kwenye picha nzima ya nyuma na kuzijenga zote tena hadi hapo ulipo. Mara 50 kwa sekunde, kwa 4K. Viini sita vinakufa hapo.

Sasa lililonifanya niandike. 9700X nayo ina kadi ndogo ya picha ndani yake, na HIYO PIA haisimbui H.265 ya 4:2:2. Ungetoa milioni mbili na laki sita na nusu ukapata viini vingi na vyepesi zaidi vya kubeba mzigo ambao haukupaswa kubebwa na viini. Ingesaidia, siwezi kusema haitasaidia. Lakini ungeibomoa pesa ya bati kwa ajili ya kitu ambacho kisimbuzi cha kucha ya kidole kinafanya.

Usiniamini mimi, pima. Fungua Task Manager, nenda kwenye kurasa za utendaji, chagua GPU, tafuta grafu ya Video Decode. Cheza klipu ya kamera ya zamani, andika asilimia za prosesa na za hiyo grafu. Kisha cheza klipu ya a6700. Kisha rekodi dakika moja ya mtaa wako kwa XAVC HS ile ile lakini chagua 150M 4:2:0 10bit badala ya 4:2:2, uicheze. Na ukiwa unatoa video ya mwisho, angalia kipi kimejaa, prosesa au kadi. Lete namba hapa.

---

MpigaVideoNgamiani · 11 Januari, saa 6:15 mchana

Kaka wa Kizingo, nimesoma mara tatu. Ni kweli, harusi ya mwisho kwa ZV-E10 ilikuwa mwezi wa saba na ilikwenda sawa. Mimi nilidhani ni kwa sababu faili zimekuwa kubwa. Kamera nimeiweka XAVC HS 4K, 50p (picha 50 kwa sekunde), 200M 4:2:2 10bit, nilifuata video moja ya mafunzo iliyosema chukua kilicho kikubwa kuliko vyote. 50p nimeichagua mwenyewe kwa sababu taa za kumbi zinamemeta nikitumia 60p.

Leo nina kichenipati saa kumi, nitapima usiku. Fundi, asante kwa la grisi, nilikuwa ningevuta juu moja kwa moja.

---

MzeeRuwi · 11 Januari, saa 9:30 alasiri

Mwanangu, mimi mtu wa Pemba, niko Maskati tangu 1998, nauza kompyuta Ruwi. Aloyasema wa Mombasa ni sahihi, nami naongeza upande wa Intel maana hapajatajwa.

Prosesa za Intel za mezani kuanzia kizazi cha 11, zile zenye kadi ya picha ndani, zinasimbua H.265 ya 4:2:2 ya biti 10. Kwa hiyo mtu anayeanza upya kwa kazi kama yako, i5-12500 ya mwaka 2022 na bodi ya B660 inayopokea DDR4 ingemtosha, na RAM zako ungehama nazo. Kuna i5-12400 pia, ila ile ya 12500 ina kadi ya ndani ya UHD 770 yenye visimbuzi viwili, 12400 kina kimoja. Angalia herufi ya mwisho. Ukiletewa 12400F, hiyo F maana yake kadi ya ndani haipo, na kisimbuzi nacho hakipo. Wengi hununua F kwa kuwa ina bei nafuu, wakaja kuuliza mbona hakuna tofauti.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu mizigo ya mitumba inashuka Dar kutoka huku Ghuba. Ukiona i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, zile zenye K, zimetumika na bei ni tamu, usikimbilie. Mwaka 2024 Intel wenyewe walitangaza kwamba volteji ilikuwa inapanda kupita kiasi na kuzidhoofisha. Agosti mwaka huo walitoa maikrokodi 0x129, programu ndogo ya ndani ya prosesa, ya kuzuia, na wakaongeza miaka miwili ya dhamana kwa zilizouzwa boksini. Lakini maikrokodi inakinga, haitibu. Iliyokwisha dhurika imedhurika, na kwa macho huwezi kuijua.

Hizi Core Ultra mpya za soketi ya LGA1851 ni DDR5 tupu, kwa hiyo utarudi kwenye bei ile ile ya RAM. Ziache.

---

MpigaVideoNgamiani · 12 Januari, saa 7:50 usiku

Shikamoo mzee wa Ruwi, na asante.

Nimerudi saa nne, nimepima mpaka sasa. Naandika kama nilivyoona.

Klipu ya ZV-E10, 4K ya biti 8: prosesa 14%, Video Decode 31%. Inacheza bila kukwama, nikirudi nyuma inanifuata kidole.

Klipu ya Pangani, a6700, 4:2:2: prosesa 100%, viini vyote, feni inalia. Video Decode 0%. Sifuri kabisa, haikutikisika. Niliitazama hiyo sifuri muda mrefu. Miezi mitano nimekuwa nikiilaumu prosesa, na kisimbuzi kimelala.

Nikatoka barazani, nikarekodi dakika moja ya barabara, bajaji na muuza mihogo anazima jiko lake, kwa 150M 4:2:0 10bit. Nikaiweka kwenye taimlaini ile ile pembeni ya ile ya Pangani. Prosesa 19%, Video Decode 44%. Inateleza. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikairudia rudia, haikuganda.

Kutoa video: filamu ya dakika 11, yenye kupunguza chengachenga za ukumbi usiku, imechukua dakika 38. Kadi ilikuwa 97 hadi 99% muda wote, prosesa 40%. RAM GB 14.6 kati ya 16.

Swali moja linanisumbua kabla sijabadilisha kamera moja kwa moja. Nikiacha 4:2:2, wateja watapoteza nini? Hawa watu wamenilipa kwa sababu ya rangi. Shela nyekundu, hina, ngozi za watu wetu kwenye mwanga wa manjano. Sitaki kuwapunja ili kompyuta yangu ipumzike.

---

Kizingo_Mhariri · 12 Januari, saa 3:10 asubuhi

Swali zuri na linastahili jibu la kweli.

4:2:2 na 4:2:0 zinatofautiana kwa habari za rangi tu, mwangaza haukuguswa. 4:2:2 inahifadhi rangi nusu kwa upana na zote kwa urefu. 4:2:0 inahifadhi nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Utaliona hilo ukikata mtu mbele ya kitambaa cha kijani, kingo za nywele zinakuwa na vidato. Kwenye nikaha hakuna kitambaa cha kijani. Shela nyekundu dhidi ya ukuta mweupe, ukikuza picha mara nne unaweza kuona ukingo umelainika kidogo. Kwa umbali wa kochi hadi televisheni mimi sijawahi kuona, na nimejaribu kwa nia ya kuona.

Kinacholinda ngozi na hina ni zile biti 10, na hizo hazipotei. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 ni ngazi 1,024. Kama unapiga kwa S-Log3, ile picha iliyofifia ya Sony inayotiwa rangi baadaye, kisha unavuta vivuli kwenye ukumbi wenye giza, ngazi hizo ndizo zinazozuia uso usiwe na mabaka. Kwa hiyo umetoka ZV-E10 ukapata ulichokilipia, na bado unacho. 4:2:2 weka siku ya tangazo la biashara lenye kitambaa cha kijani.

Kwa kazi ambazo umeshazirekodi kwa 4:2:2, usiteseke nazo. Kwenye Resolve chagua klipu zote, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu, nusu au robo ya ukubwa, kwa kodeki ya DNxHR LB. Iache ifanye usiku kucha. Prosesa yako itajaa 100% na feni italia, lakini wewe umelala. Asubuhi unakata kwa proksi, na ukitoa video ya mwisho Resolve inarudi kwenye klipu halisi. Hakikisha tu una nafasi kwenye diski, maana proksi za klipu 312 si ndogo.

---

FundiBodi · 12 Januari, saa 3:45 asubuhi

Nakubali, na nafuta ushauri wangu wa 5700X kwa huyu dada. Nilijibu swali la prosesa kwa sababu liliulizwa la prosesa, sikuuliza kamera. Namba zake zinaongea: akitoa video kadi imejaa, prosesa iko 40%. Viini vingine vinane vingekaa kusubiri kadi ile ile.

Kama siku moja utataka kurudi 4:2:2, kitu cha kubadilisha ni kadi. RTX 5060 ilitoka 2025, ina GB 8 na kisimbuzi chenye 4:2:2, na inakula wati 145. 1660 Super yako ni ya wati 125, kwa hiyo pawa saplai ya 550 inatosha kama ni ya maana. Bodi yako ni PCIe 3.0 (njia ya kadi kuwasiliana na prosesa) na kadi inatumia njia 8 tu, kwa michezo watu wanalalamika, kwa kuhariri hutajua. Leo iko kama 950,000. Hapo unapata kisimbuzi na zile dakika 38 zinashuka, vyote kwa mkupuo mmoja, prosesa haiguswi. Nilifikiria pia Intel Arc A380, ni rahisi na kisimbuzi inacho, ila bodi za B450M nyingi zina nafasi moja tu ya maana, ungelazimika kutoa 1660 na ungepungukiwa nguvu kwingine.

RAM ndiyo nakushauri sasa. GB 14.6 kati ya 16 ni ukingoni. Ninavyo vipande viwili vya GB 8 vya DDR4 3200 vilivyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi, 180,000. Ukivipata usivichanganye ukaanza kazi siku hiyo hiyo. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima kwanza. Vipande vya mikono tofauti wakati mwingine vinagombana, na RAM yenye kosa inaharibu faili bila kukwambia.

---

MpigaVideoNgamiani · 14 Januari, saa 5:30 usiku

Wakuu, nimeamua, nawarudishia matokeo.

Prosesa inabaki. Dukani nimewapigia, nimewaambia waifute ile oda, wameelewa. RAM za fundi zimefika jana kwa basi la jioni, zimepita MemTest86 mara nne bila kosa hata moja, sasa nina 32 na Resolve haijagusa 20. Proksi za Pangani nimezitengeneza kwa usiku mmoja, kuanzia saa tano hadi karibu na adhana ya alfajiri. Jana na leo nimekata nikaha yote na walima yote. Siku mbili.

Kadi nitaiangalia upya baada ya Idi, nikiona nani amelipa na bei imesimama wapi. Laki saba za bati hazikuguswa. Nimemtumia mama leo asubuhi, bati zinapakiwa Ijumaa.

Mama wa bibi harusi alirudi mchana. Nilimwekea pale pale tulipokwamia. Mumewe akasema "nimekuoza", kijana akaitikia, mkono ukatikiswa mara tatu, na baba akafumba macho mpaka mwisho kisha akayafumbua. Akaniomba nimrudishie. Nikarudisha nyuma, ikarudi hapo hapo. Akaniomba tena.

Kesho saa mbili nina nikaha Chumbageni. Kamera nimeiacha kwenye 150M 4:2:0 10bit, betri nne ziko kwenye chaji.